Je, Wajua? Nyau wa Nyumbani na Hesabu Anayoificha

Ukipita alfajiri katika vichochoro vya komine ya Bulengera, mjini Butembo, kule ambako migomba na maharagwe bado yanagombea nafasi na nyumba za watu, utamkuta amekaa juu ya ukuta, mkia kauviringisha miguuni, macho kayafumba nusu kama mzee anayesikiliza kesi. Pwani humwita paka. Sisi huku Kivu ya Kaskazini ni nyau. Kazi yake kila mtu anaijua: panya wasifikie gunia. Ila nyau ana kazi nyingine, ya kujitolea, ambayo hakuajiriwa na mtu, na hiyo ndiyo imenifanya nikeshe nikisoma kwa tochi ya simu. Sikiliza haya.

Akikuletea mmoja, ameficha wanne

Mjini Cape Town, Afrika Kusini, watafiti waliwavalisha paka kamera ndogo shingoni, wakaona jambo ambalo wenye paka hawakulitegemea: katika kila mawindo 100, yaliyofikishwa nyumbani yalikuwa 18 tu. Mengine yaliliwa hukohuko au yaliachwa majanini. Tena nusu ya waliouawa walikuwa mijusi na jamaa zao, ambao paka hana sana mazoea ya kuwabeba hadi mlangoni, kwa hiyo hakuna aliyekuwa akiwahesabu.

Matokeo yalichapishwa 2020. Paka mmoja: wanyama 90 hivi kwa mwaka. Paka wote wa jiji, waliokadiriwa kuwa 300,000: wanyama milioni 27.5. Tukiikopa hesabu hiyo kwa ajili ya avenyu moja tu ya Bulengera yenye nyau 20, ni wanyama 1,800 kwa mwaka, karibu watano kila siku ya Mungu, Jumapili ikiwamo. Mkopo ni mkopo, lakini sioni kwa nini mjusi wa Butembo awe mjanja kuliko wa Cape Town.

Ndege 24 kwa kila Mkongomani

Paka wanaorandaranda nje nchini Marekani huua ndege kati ya bilioni 1.3 na bilioni 4 kila mwaka, kwa makadirio yaliyotolewa 2013. Chukua namba ya katikati, bilioni 2.4, uwagawie watu wa Kongo nzima, kama milioni 100: kila mmoja, hata mtoto wa mgongoni, anaondoka na ndege 24 mkononi. Na hao ni ndege peke yao. Panya, sungura na mamalia wengine wadogo wanaanzia bilioni 6.3. Sehemu kubwa ya mauaji hayo, watafiti wanasema, ni ya paka wasio na mwenyewe.

Safari yake haipiti kiwanja cha mpira

Paka wa nyumbani anayejifanya msafiri mkubwa, kwa kweli hafiki mbali: watafiti waliwafunga vifaa vya kufuatilia mwendo paka 925 katika nchi 6, na wengi wao hawakutoka nje ya mita 100 kutoka mlangoni. Ungedhani hiyo ni habari njema kwa ndege. La. Mnyama mla nyama wa porini hutawanya uwindaji wake kwenye eneo kubwa, lakini nyau hurudia bustani zilezile nne tano, leo, kesho na keshokutwa, kama mtoza kodi wa soko moja.

Nyau wako na kimburu ni damu moja

Paka wote wa nyumbani duniani, wa Butembo, wa Paris, wa Tokyo, wametokana na paka-mwitu mmoja: yule ambaye Kiswahili kinamwita kimburu. Mwaka 2007 wanasayansi walilinganisha vinasaba vya paka 979, wa mwituni na wa majumbani, wakakuta wale wa nyumbani wote wanaangukia tawi la kimburu wa Mashariki ya Kati, kule ambako watu walianza kuhifadhi nafaka na panya wakaifuata. Kisiwani Kupro lilichimbuliwa kaburi la miaka 9,500 hivi ambamo mtu na paka walilazwa umbali wa sentimita 40, yaani ungeweza kunyoosha mkono ukamgusa. Kisiwa hicho hakikuwa na paka wa asili. Kwa hiyo kuna mtu aliyempakia paka mashuani zama hizo, kabla ya mafarao, kabla ya maandishi.

Undugu huu una balaa lake. Kimburu bado yupo katika nyika nyingi za Afrika (msitu mnene haupendi), na hatari moja inayomwandama ni mahaba: anapandana na paka wa vijijini, watoto wanatoka machotara, na kidogokidogo ukoo wenyewe unayeyuka. Huko Scotland, binamu yake wa Ulaya amechanganyika na paka wa nyumbani kiasi kwamba mwaka 2019 wataalamu walitamka kuwa idadi iliyobaki haiwezi tena kujiendeleza yenyewe.

Hajui utamu wa sukari

Mpe nyau muwa, chai ya sukari, au ndizi iliyoiva hadi kuwa nyeusi: kwake ni sawa na maji. Mwaka 2005 iligunduliwa kwamba kinasaba kimoja kinachotengeneza kihisio cha utamu ulimini kimeharibika kwa paka, tangu zamani sana, na wala hajakikosa. Mwili wake umejengwa kwa nyama tupu. Ndiyo maana bugali na sombe unavyombakishia vinamjaza tumbo bila kumtosheleza, na baadaye kidogo unamwona anaelekea kwenye majani ya viazi.

Wahenga walikuwa maabara

"Paka hashibi kwa wali, matilaba yake ni panya." Methali hii ilikuja kupimwa, pengine bila wapimaji kujua kuwa ipo. Katika jaribio la 1976, paka 6 walipewa chakula wakipendacho kuliko vyote, na walipokuwa katikati ya kula wakaletewa panya hai. Waliacha sahani, wakamuua panya, kisha wakarudi kumalizia chakula chao. Uwindaji na njaa kwa paka ni milango miwili tofauti. Wengi wetu tunajidanganya kwamba nyau aliyeshiba hana madhara kwa ndege.

Paka 5 waliotumwa kazi, wakawa 3,400

Hii ndiyo niipendayo kuliko zote. Kisiwa cha Marion, mali ya Afrika Kusini, kiko kusini kabisa kwenye baridi, hakina wenyeji ila watu wa kituo cha hali ya hewa. Panya wadogo walikwisha kufika huko karne ya 19 na meli za wawinda sili. Basi mwaka 1949 wakaletwa paka 5 wawashughulikie. Paka wale wakagundua kwamba kisiwani kuna kitu kitamu na chepesi kuliko panya: ndege wa baharini wanaotaga mashimoni, ambao katika historia yao yote hawakuwahi kukutana na paka. Kufikia 1977 paka walikuwa kama 3,400, na walikuwa wakiua ndege 450,000 hivi kwa mwaka.

Kuwaondoa kulichukua miaka. Kwanza waliingiziwa ugonjwa wa virusi vya paka, kisha wakaja wawindaji wa usiku wenye bunduki na taa, hadi paka wa mwisho akatoweka mwaka 1991. Mwisho mwema? Subiri. Panya, waliobaki peke yao na hali ya hewa ikizidi kuwa ya joto, wameongezeka, na tangu miaka ya 2000 wameonekana wakiwatafuna vifaranga wa albatrosi wangali hai. Panya wa gramu 20 na ndege ambaye akikua hufikisha kilo 8 au zaidi na mabawa ya mita 3! Kifaranga hukaa tu kiotani akiliwa, kwa sababu hajui kwamba kuna kitu cha kukimbia.

Ndege aliyegunduliwa na paka

Kwenye kisiwa cha Stephens, New Zealand, aliishi ndege mdogo asiyeweza kuruka, aliyekimbia kati ya mawe kama panya. Sayansi ilimfahamu mwaka 1894 kwa njia ya ajabu: mnara wa taa ulifunguliwa, watunzaji wakahamia, na paka akaanza kuleta mizoga ya ndege ambaye hakuna mtaalamu aliyemjua. Msaidizi wa mnara, David Lyall, akaihifadhi. Mingine ikauzwa kwa tajiri Walter Rothschild wa Uingereza. Mwaka uliofuata magazeti yalikuwa tayari yanaandika kwamba ndege huyo kaisha.

Hadithi maarufu inasema paka mmoja, Tibbles, alimaliza spishi nzima peke yake. Inapendeza kusimuliwa, lakini kisiwa kilikuwa na paka kadhaa waliozaana hovyo, na wa mwisho waliondolewa 1925. Kumbebesha Tibbles mzigo wote ni uonevu.

Spishi 63

Ndiyo idadi ya aina za ndege, mamalia na reptilia ambazo paka wamechangia kuzifuta duniani, kwa hesabu ya mwaka 2016. Ndege peke yao ni 40. Karibu wote walikuwa wa visiwani.

Mnyama aliyekanyagwa na mtu mzima akaondoka zake

Sasa turudi kwetu, maana misitu ya kaskazini-mashariki mwa Kongo ina kiumbe ambacho kingestahili sanamu mjini. Ni aina moja ya kirukanjia, yule mamalia mdogo wa pua ndefu anayefanana na panya (jina hilo wengine humpa pia ndege fulani wa usiku, mimi nasema huyu wa miguu minne). Uzito wake ni gramu 100 hivi, kama kipande cha sabuni. Wamarekani wa jumba la makumbusho la New York waliozunguka Kongo kati ya 1909 na 1915 walioneshwa na Wamangbetu jambo lisiloaminika: mwanaume mzima alisimama juu ya mgongo wa mnyama huyo, akakaa hapo dakika kadhaa, na aliposhuka, kirukanjia akajikung'uta na kwenda zake. Siri iko kwenye uti wa mgongo. Pingili za kiuno, ambazo kwa mwanadamu ni 5, kwake ni 10 au 11, nazo zimefumana kwa vidole vya mfupa kama mkeka wa ukindu. Mwaka 2013 ndugu yake wa pili alitambuliwa na sayansi, naye ni Mkongomani vilevile.

Paka anaingiaje hapa? Jamii ya virukanjia ina tezi za harufu kali, na kwa hiyo paka huwaua bila kuwala. Anamkamata, anamnusa vizuri, anamwacha. Ukimkuta mnyama wa pua ndefu amelala mzima mlangoni bila hata kung'atwa mkia, hukuletewa zawadi. Umeachiwa chakula alichokikataa. Na ule uti wa mgongo wa ajabu hausaidii chochote mbele ya nyau, kwa kuwa nyau hakanyagi mgongo. Anauma shingo.

Paka wa sanamu aliyewanyima vifaranga chakula

Paka anaweza kudhuru kiota bila kukigusa. Mjini Sheffield, Uingereza, watafiti walimweka paka aliyekaushwa na kujazwa pamba karibu na viota vya ndege kwa dakika 15 tu, kisha wakamwondoa. Wazazi waliogopa kiasi kwamba kwa saa moja na nusu na zaidi chakula walichowapelekea watoto kilipungua kwa zaidi ya theluthi moja. Kelele zao za kutahadharisha, tena, ziliwaelekeza maadui wengine kiotani. Mwangalie chozi anayenyonya maua ya migomba yako asubuhi. Akiacha ghafla na kuanza kupiga kelele, nyau si lazima aruke. Kukaa kwake pale ni hasara tosha.

Panya wakubwa wanamcheka

Mjini New York, wataalamu walifuatilia kwa kamera kituo kimoja cha kurejeleza taka chenye panya wengi na paka wa mitaani. Siku 79 zilipita, na paka walikuwa wameua panya 2. Panya walibadilisha tabia, wakajificha zaidi, lakini hawakuisha, kwa sababu panya mkubwa hung'ata na paka anapenda kazi rahisi. (Na huyo ni panya wa mjini. Panya buku, mfano wa Magawa, yule shujaa aliyefunzwa Morogoro akanusa mabomu 71 ya ardhini kule Kambodia, alikuwa na kilo 1.2. Nyau gani atamwendea huyo?)

Wapo watafiti wa Afrika waliokwenda kupima vijijini, Eswatini, kwenye nyumba za wakulima kama za kwetu. Jibu lao la 2017 lilinishangaza: nyumba yenye paka peke yake haikutofautiana sana na isiyo na kitu, na yenye mbwa peke yake vivyo hivyo. Lakini yenye paka na mbwa pamoja, panya walipungua na waliokuwapo wakala kwa woga. Wale wawili tunaowasema kuwa ni maadui wa milele, kumbe ghalani ni washirika. Na msidharau kazi yenyewe: panya shamba wa kike ana chuchu hadi 24, na hakupewa kwa urembo.

Ana silaha isiyo na meno

Kijidudu kiitwacho toksoplasma huzaliana kikamilifu ndani ya tumbo la jamii ya paka pekee. Mayai yake hutoka na kinyesi kwa mamilioni, mvua ikayasukuma mtoni na baharini. Huko Hawaii yameua sili ambao hawajawahi kuonana na paka maishani. Kwa upande wa watu, jirani zetu wa Ituri wanaishi mahali ambapo tauni haijakoma, na paka aliyekula panya mgonjwa anaweza kuugua na kuambukiza. Mbwa naye asijione msafi: mwaka 1994 ugonjwa wa mbwa uliwafikia simba wa Serengeti, na theluthi moja wakafa, kama 1,000.

Binamu tajiri asiyeonekana

Misitu yetu, kuanzia Ituri hadi Virunga, ina paka wake mwenyewe, mwenye manyoya ya rangi ya dhahabu au ya kijivu, uzito wake hadi kilo 16, yaani nyau watatu au wanne kwenye mzani mmoja. Upande wa Uganda, kule Bwindi, wanamwita embaka. Wawindaji waliozeeka msituni hupitisha miaka bila kumwona uso kwa uso; kamera za kujiwasha ndizo zinazomkamata. Yeye anahitaji msitu. Nyau anahitaji jiko. Msitu unapokatwa pakawa bustani, mmoja anaondoka na mwingine anafika, na mitego ya nyaya inamngoja aliyeondoka.

Kadzonzo, paka mwenye rangi ya gome

Karibu na msitu wa Arabuko-Sokoke, pwani ya Kenya, Wagiriama walikuwa na paka wenye madoa kama gome la mti, wakawaita kadzonzo. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mama mmoja wa Watamu, Jeni Slater, aliwalea wawili, na leo paka hao ni aina inayotambulika Ulaya na Marekani kwa jina la Sokoke, wanaohesabiwa vizazi kama wafalme. Msitu huohuo una bundi mdogo, bundi wa Sokoke, asiyepatikana ila sehemu chache sana za pwani. Majina yao yanafanana.

Ndege 12 wakabaki

Katika Shelisheli, kisiwani Frégate, binamu mweusi wa kurumbiza wetu alishuka mwaka 1965 hadi ndege 12 au 15 duniani kote. Paka wa kisiwani waliondolewa mwanzoni mwa miaka ya 1980, ndege wakatunzwa na kuhamishiwa visiwa vingine, na sasa wanahesabiwa kwa mamia.

Mji uliowafungia paka ndani

Mei 2022, mji mdogo wa Walldorf, Ujerumani, uliwaamuru wenye paka katika mitaa fulani wasiwatoe nje hadi mwisho wa Agosti, kwa ajili ya jozi chache za kipozamataza mwenye kishungi wanaotaga chini. Paka akikutwa barabarani, faini euro 500. Akimuua kipozamataza, hadi euro 50,000! Kwa fedha hiyo ungefungua duka zima la jumla hapa Butembo. Watu walilalamika, paka walilia madirishani, ndege wakaendelea kuimba.

Kengele

Je, nifanyeje na nyau wangu? Chuo Kikuu cha Exeter, Uingereza, kiliwafuatilia paka 355 wa kaya 219 kwa wiki 12, na majibu yakatoka 2021. Waliolishwa chakula chenye nyama nyingi walileta mawindo pungufu kwa 36%. Fikiria kichwa cha samaki wa Kyavinyonge badala ya makoko ya bugali. Waliochezeshwa dakika 5 hadi 10 kwa siku, kwa manyoya yaliyofungwa kwenye kamba, mawindo yao yalipungua kwa 25%, na hii haina gharama: mpe mtoto kamba. Waliovalishwa kitambaa cha rangi kali shingoni walikamata ndege pungufu kwa 42%, kwa maana ndege huona rangi vizuri sana na nyau hawezi tena kujifanya kivuli.

Waliofungwa kengele hawakuonesha tofauti ya maana. Kumbe wale panya wa hadithini, waliokesha wakibishana nani atamfunga paka kengele, walikuwa wanakimbiana na kazi isiyo na faida.